Mkono wa Kulia wa Katekista

Baba yangu alikuwa katekista kijijini kwetu, huko Songea, kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Watoto wote wa pale, mie nikiwemo, tulijifunza ishara ya msalaba kwake, na tulijifunza kwa mkono wa kulia tu. Ole wako upeleke wa kushoto usoni, fimbo haikuwa mbali. "Wa kushoto ni wa chooni," alikuwa akisema. "Mungu mpe ulio safi." Basi kiharusi kilipompata uzeeni, katika viungo vyote alivyokuwa navyo, kikaenda kuuchukua huo huo wa kulia.

Nikamleta kwangu Goba, yeye na mama. Niliwapa chumba kinachopata upepo wa kilimani, maana joto la Dar Baba hakuliweza tangu zamani. Alikuwaga akija kututembelea, hata begi halijafunguliwa vizuri, ameshaanza kuulizia basi la kurudi. Safari hii hakuulizia. Mguu ulirudi taratibu, akawa anatembea kwa kujishikilia ukutani. Ulimi nao ukafunguka, ingawa maneno yalikuwa yanaburuta. Mkono ukabaki unaning'inia, na Baba akaacha kusali.

Hakutangaza. Mie niligundua mezani. Mama akianza sala ya chakula, sie tunapiga ishara ya msalaba, yeye anatazama dirishani mpaka tumalize. Paroko alipokuja kumletea Ekaristi, Baba alifumba macho akajifanya amelala. Padre mwenyewe kijana, mpole, akamwinamia akamwambia, "Mzee, tumia wa kushoto tu. Mungu haangalii mkono." Baba alingoja gari la padre liondoke ndipo akafumbua macho.

"Mtu mzima hapewi kitu kwa kushoto," akaniambia. "Mie nikamwamkie Mungu hivyo?"

Mdomo wangu haujawahi kuwa na breki. Nikamwambia, "Kwa hiyo wewe, katekista mzima, unamsusia Mungu kwa sababu ya mkono?"

"Simsusii," akasema. "Naona aibu."

Nilitoka pale nikaenda kusimama uani, nikalia. Baba yangu sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo kuhusu yeye mwenyewe. Hasira zangu zote zikaishia pale pale. Mama nilimkuta jikoni anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa, na hofu yake aliisema waziwazi: mume wake atakufa bila kupokea Mwili wa Bwana, yeye aliyekifundisha kijiji kizima kuupokea. Nikamwambia nitazungumza naye tena. Mama akanitazama. "Nyie wawili mkizungumza, nyumba haikaliki. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mwache."

Nikamwacha, japo kwa shida. Wiki zikapita, Baba akakonda. Uji akionja kidogo anasukuma kikombe. Madaktari walisema presha iko sawa, dawa anameza, wao hawaoni tatizo. Sie tulikuwa tunaliona.

Ikafika Jumamosi ya zamu yetu ya kupokea sala ya jumuiya nyumbani. Asubuhi na mapema majirani wakaanza kupanda kilima na rozari zao, tukakaa sebuleni na barazani kwenye mikeka na viti vya plastiki vya kuazima. Kesho yake ilikuwa Sherehe ya Utatu Mtakatifu, kwa hiyo Injili tuliyosoma ilikuwa ya Utatu. Baba alikuwa chumbani kwake, mlango nusu wazi. Nilimkaribisha, akasema anaumwa na mgongo.

Mwenyekiti wetu wa jumuiya ni karani wa ofisi fulani mjini, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Akajitolea kutufafanulia namna Mungu mmoja anavyokuwa Nafsi tatu. "Ndugu zangu, jambo hili ni rahisi," akasema. "Chukulieni mafiga. Mafiga ni matatu, lakini jiko ni moja."

Jamani, mie nilijua balaa limeingia. Kama kuna kitu Baba alikichukia katika kazi yake ya ukatekista, ni mafiga. Sijui aliwazuia watoto wangapi wasiyataje darasani.

"Hapana," sauti ikatoka chumbani.

Watu wakageukia mlango.

"Figa ukiondoa moja, jiko limekufa. Figa moja ni theluthi ya jiko. Mwana si theluthi ya Mungu. Mwana ni Mungu kamili. Mungu si jiko."

Aliyasema yote hayo akiyaburuta, lakini kila mtu aliyaelewa. Mama mmoja mbele yangu akaangua kicheko, mwenyekiti naye akacheka, akainuka mwenyewe akaenda mlangoni. "Shikamoo, mzee. Basi njoo utufundishe, sie tumeshindwa."

Sikutegemea atoke, lakini alitoka. Alikuja ameshikilia ukuta, nikampisha kiti changu. Akakaa, akakohoa kidogo kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kuanza darasa. Kwenye jumuiya yetu hakuna anayelifafanua Neno kabla ya kupiga ishara ya msalaba, na watu wote walikuwa wanamngoja aanze. Baba akautazama mkono wake wa kulia uliolala mapajani. Akageuza macho kwenye mlango wa chumba chake, nikajua sasa hivi ataomba arudishwe chumbani, na akirudi leo hatatoka tena.

Mama yangu akainuka kwenye mkeka. Akafuta viganja kwenye kanga, akaenda kuchutama pembeni ya kiti cha Baba, akauchukua ule mkono.

"Mzee," akasema, na hakunong'ona, "mkono huu ulinipa mimi siku ya ndoa. Wa kulia, mbele ya padre. Sasa ni wangu, nami naupeleka ninakotaka."

Akauinua. Vidole vya Baba vilikuwa vimejikunja, mama akavinyoosha kwa kidole gumba chake mpaka vikagusa paji la uso. Baba akafumba macho. "Kwa jina la Baba," akasema. Mama akaushusha kifuani. "Na la Mwana." Akaupeleka bega la kushoto, akauvusha hadi la kulia, na Baba akamtaja Roho Mtakatifu taratibu mno, silabi baada ya silabi, mama akimngoja. Amina tuliitikia sie wote.

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Somo lake lilikuwa fupi kuliko yote niliyowahi kumsikia akifundisha. Alisema Mungu hajawahi kukaa peke yake. Kabla hakujawa na jua wala mtu wa kuliona, Baba alikuwa anampenda Mwana, Mwana anampenda Baba, na pendo lao ndilo Roho Mtakatifu. Ndiyo maana tunasema Mungu ni upendo: hakujifunza kupenda alipotuumba. "Na sisi tumeumbwa kwa mfano wake," akasema. Akapumzika. "Mimi nilitaka kukaa peke yangu. Nilikosea."

Kesho yake aliupokea Mwili wa Bwana. Tangu siku hiyo, kila sala, mama alikuwa pembeni yake na ule mkono.

Kisha mama akapata msiba wa dada yake, akasafiri kwenda Songea. Aliniachia maelekezo ya dawa, ya uji, ya mazoezi ya mguu. La mkono hakulisema. Asubuhi ya kwanza nilimwekea Baba uji, nikachukua funguo niwahi kazini, naye hakugusa kikombe.

"Mwanangu," akasema. "Mkono."

Nikapiga magoti mbele yake nikaushika. Ulikuwa mzito, wa moto. Nikaupeleka kwenye paji la uso, kifuani, kisha begani, naye akanikazia macho.

"Mtoto wa katekista. Umeanzia bega la kulia."

Nilikuwa nimemkabili, kila kitu kimegeuka. Nikajaribu tena, nikakosea tena, tukacheka wote wawili. "Pita nyuma," akaniagiza. Nikasimama nyuma ya kiti chake, nikapitisha mikono yangu juu ya mabega yake, nikaushika mkono ule kutokea huko, na safari hii tulikwenda sawa mpaka mwisho.

Kwetu baba hakumbatiwi. Unamwamkia, unampokea mzigo, unamnawisha mikono, basi. Mie nina watoto wakubwa, na mpaka asubuhi ile mikono yangu haikuwahi kumzunguka baba yangu. Kichwa chake kiliegemea kifuani kwangu, kinanukia sabuni. Tulishasema Amina. Sikuitoa mikono yangu, na yeye hakuniambia niitoe.