Permi ya Kununua

Mwanangu, kuna Jumapili moja ya ujana wangu ambayo bado inanichosha. Imenirudia leo uliponiletea karatasi ya mashindano ya magari kule Lubumbashi: permi, bima, kofia ngumu, matairi, ada ya kuingia. Unataka nikusaidie kulipa. Kaa kwanza unisikilize.

Ilikuwa miaka ya tisini, hapa hapa Kamina. Habari za vita zilisemwa sokoni kila asubuhi, na kila nyumba ilijua itakimbilia wapi. Baba yangu, mwalimu wa shule, alikuwa na gari kuukuu, na aliitunza kwa sababu moja tu: mama alivimba miguu, hakuweza kutembea hata mpaka kanisani. Siku ya kukimbia, gari ingembeba.

Basi vijana wakaanza kushindana kwa magari kwenye uwanja wa zamani wa ndege. Kila mtu aje na esanse yake, yaani petroli, alipe ada, aonyeshe permi, ile karatasi ya ruhusa ya kuendesha. Sikuwa nayo, na kujifunza niliona ni kupoteza wakati. Nikauza redio yangu, nikampa pesa mtu mmoja aliyejua njia za ofisini, na baada ya siku mbili nikapata permi yenye picha na muhuri. Ujinga mtupu! Nilijiona dereva.

Jumapili nikaipeleka gari ya baba uwanjani. Fundi aliyesimamia mashindano aliisoma permi yangu, kisha akanitazama.

"Permi iko. Lakini nani alikufundisha?"

"Miye mwenyewe, fundi."

Akatikisa kichwa, akaniacha nipite.

Sikugonga mtu, namshukuru Mungu. Lakini nilizunguka uwanja mara tano mguu ukiwa umelalia klachi, mpaka moshi ukajaa ndani. Klachi ikaungua. Gari ilirudi nyumbani kwa kusukumwa, na treni ambayo ingeleta kipuri haikuja.

Wiki mbili baadaye vita vikafika. Watu walitoka mjini na magodoro kichwani. Baba alimketisha mama nyuma ya baiskeli, akamfunga kwa kitenge asianguke, kisha akanigeukia. Hakupaza sauti.

"Weye njo uko na permi. Sasa endesha mama yako."

Nilimsukuma siku tatu. Mama hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Miguu yake ilining'inia, ngozi ikapasuka, na vidonda vikaoza katika kijiji tulikokimbilia, kabla hatujapata dawa. Tulimzika hukohuko. Alinisamehe kabla ya kufa. Mimi sijaweza kujisamehe.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi. Lakini kwanza nenda kwa mwalimu wa udereva, ukosee mbele yake, akugombeze, uone haya, urudie. Permi uipate kwa kuistahili, hata mtu akikuonyesha njia ya mkato. Na gari ambayo nyumba nzima inaitegemea usiipeleke mchezoni, kwa sababu gharama hiyo haijaandikwa kwenye karatasi yako. Ukishajifunza, njoo, nitalipa ninachoweza.

Mungu akulinde barabarani, akutulize mikono na mguu. Na siku mama yako atakapohitaji kubebwa, akukute uko tayari.