Milioni Mbili Zimeondoka na Nini?

Wakuu, nimewahi kuona mzee akishusha bei ya harusi kwa milioni mbili bila kufungua mdomo.

Sitanii. Nilikuwa nimekaa hapohapo, kalamu mkononi.

Naitwa Ikram. Nafanya kazi ofisini kwa baba yangu mdogo, Hashimu, hapa Majengo, Dodoma. Tunaandaa shughuli: maturubai, viti, mapambo, chakula, MC. Ukituuliza bei mtandaoni tunakujibu njoo inbox. Ukija ofisini, baba mdogo anakuuliza kwanza bwana harusi anafanya kazi wapi. Akishajua, ndipo bei inazaliwa.

Alhamisi moja akaingia mzee wa kanzu na koti, ametoka Kondoa na basi la asubuhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shughuli ya watu mia mbili mnafanya kwa bei gani?"

"Harusi ya nani, mzee wangu?" baba mdogo akauliza.

"Ya watu mia mbili."

Baba mdogo akamtazama viatu, akatamka, "Milioni sita."

Mzee akanyamaza. Akachukua maji niliyompa, akanywa taratibu.

"Kwa sababu ni wewe, tano."

Kimya. Mzee anaangalia picha za mapambo ukutani.

"Nne na nusu basi."

Kimya. Baba mdogo kaanza kufuta jasho.

"Nne, mzee. Wallahi hapo nimebaki na mifupa."

Ndipo mzee akauliza kwa upole kabisa, "Hizi milioni mbili zilizoondoka, zimeondoka na nini? Viti? Pilau?"

"Hakuna kilichotoka. Kila kitu kipo palepale."

"Ahaa." Akashukuru kwa maji, akaenda zake.

"Wateja wengine bwana," baba mdogo akasema. Mimi nilikuwa nawaza Jumapili, si yule mzee.

Jumapili walikuwa wanakuja watu wa Mudrick, mchumba wangu, fundi umeme wa Kondoa. Wanakuja kupanga mahari. Baba yangu alishafariki, kwa hiyo msemaji wangu ni baba mdogo. Nilishamwambia mahari yangu: cherehani cha umeme na msahafu. Nataka kushona, basi.

"Nitataja milioni tatu," akanijibu. "Watalia, tutashuka. Mazungumzo ndiyo hayo."

Ndivyo alivyofanya kwa Rukia, binti yake. Alitaja, wageni wakaomba wakatete kidogo nje. Hawajarudi hadi leo.

Ijumaa sikulala. Jumamosi niliunguza chapati zote. Nilikuwa nampenda yule kaka, na nilikuwa naona anavyoniponyoka kwa bei ambayo si yangu.

Jumapili ikafika, mimi na Rukia nyuma ya pazia. Wageni wakabisha hodi, mshenga wao akatangulia.

Alikuwa yule mzee.

Baba mdogo alimtambua hata hajamaliza kuvua viatu.

"Naitwa Hasani," mzee akasema baada ya salamu. "Tumekuja kwa binti yenu. Tutajieni mahari yake."

"Milioni..." Baba mdogo akakwama.

Mzee akachukua glasi ya maji. Akanywa. Ukimya wa Alhamisi ukarudi.

"Ikram," baba mdogo akaita. "Njoo utaje mwenyewe."

Nikatoka, ushungi umekaa upande. "Cherehani cha umeme na msahafu."

Mzee akanyamaza.

Jamani, ukimya ule usikie kwa jirani. Ulimi uliniwasha. Nilitaka kusema hata cherehani cha mtumba, hata cha kukanyaga kwa mguu, nichukueni tu. Nikaung'ata.

"Ikipungua je?" akauliza.

"Ikipungua, mzee, kimojawapo kitatoka. Na vyote viwili navitaka."

Mzee akacheka mpaka kofia ikamcheza. "Tumekubali."

Machozi yakanitoka palepale mbele za watu, na sikujificha.

Kisha akamgeukia baba mdogo. "Na ile shughuli yangu ya watu mia mbili? Ni ya hawa watoto. Ningekutajia bwana harusi, ungenipa bei ya mkwe. Kabla ya kuingia kwa mtu napenda kumwona akitaja bei."

Kumbe Alhamisi nilikuwa naandika gharama za harusi yangu mwenyewe.

Baba mdogo aliinama kidogo, akainua uso. "Milioni nne. Ndiyo ilipaswa kuwa bei tangu mwanzo. Mkitaka ipungue, naondoa turubai moja la nje, na laki mbili zinaondoka nalo."

"Toa turubai," mzee akasema.

Siku hizi ukurasa wetu una bei. Wewe mwenye ofisi ya huduma, mteja akiuliza, mtajie kabla hujamchungulia mfukoni. Ukimpunguzia, mwonyeshe kilichotoka. Usipomwonyesha atajiuliza ile ya kwanza ilikuwa bei ya nini, na hatakuuliza kama mzee Hasani. Ataondoka tu.

Siku ya harusi mvua ikanyesha, Dodoma hii hii. Meza za nje zikalowa chapachapa, na wajomba wa Mudrick wakala pilau chini ya miavuli.

Hakuna aliyelalamika. Kila mmoja alijua lile turubai limeondoka na shilingi ngapi.