Magodoro ya Mjane

Mjukuu wangu alirudi Kisondela na shahada ya uzamili ya masuala ya uhisani, tena na kazi kwenye mfuko wa misaada. Nilimshukuru Mungu. Wiki ileile akampelekea magodoro jirani yetu aliyefiwa na mume, akamsimamisha mlangoni ampige picha.

"Tabasamu, mama. Wafadhili wanataka ushahidi."

Kwetu ndizi za mfiwa huachwa nyuma ya jiko, bila hodi.

"Shusha simu," nikamwambia. "Chuoni walikufundisha kutoa au kuanika watu?"

"Babu, bila picha hawaleti tena."

"Basi wasilete!" alisema mjane, akafunga mlango.

Magodoro yalinyeshewa nje, wana wa mjane wakalala mkekani. Mjukuu namwombea kila asubuhi, lakini bado sijala naye.