Tundu Kwenye Chumba cha Eda

Mpaka leo nikiiona ile lenzi naona kinyaa. Kaka yangu mkubwa aliileta alipokuja kumzika baba, imo begini pamoja na projekta. Matangani alikaa anawaambia watu uungwana ni vitendo. Tanga halijaanuliwa vizuri, keshaanza kuipima sebule.

Picha ya filamu, alinieleza, ni pana. Lenzi husimama mbele ya projekta ikaitanua mpaka ijae ukuta. Ukitaka kuangalia habari, unaisukuma pembeni kwenye reli yake. Sawa. Lakini nyumba yetu ya Mji Mkongwe ni ya boriti, upana wa chumba ndio urefu wa boriti, na sebule haikumpa umbali alioutaka. Akaamua mitambo ikae chumba cha pili, atoboe ukuta, mwanga upite.

Chumba cha pili kilikuwa cha mama, na mama alikuwa amekaa eda ya baba, asionwe na mwanamume asiye maharimu wake.

Fundi aliyeitwa aliishia mlangoni. "Mimi humo siingii," alisema, "mna mtu kakaa eda." Akabeba mfuko wake akaenda zake. Kaka akamcheka, akashika tindo mwenyewe. Alichagua zidaka, kile kishubaka cha ukutani ambamo mama aliweka msahafu na chetezo, kwa sababu hapo ukuta ni mwembamba. Kila akigonga, chokaa inamwagikia kitanda cha mama, na mama mwenyewe kakaa papo hapo, anaupangusa msahafu kwa ncha ya kanga.

"Kaka, wanaume watamuona," nilimwambia.

"Watamuona vipi, na taa nnazima?"

Asiyejua maana haambiwi maana, nami nikaanza kumkung'utia mama chokaa kitandani.

Jioni ya kwanza alialika marafiki zake. Mimi nilikaa na mama chumbani, projekta inavuma nyuma yetu mezani, mwanga unapita tunduni. Ikaadhiniwa isha. Sebuleni hakuinuka mtu. Mama akashuka kitandani, akasimama pale anaposalia siku zote, baina ya lenzi na tundu. Kivuli chake kikatanda kwenye ukuta wa sebule, kimetanuliwa, kinene, kikarukuu mbele ya wanaume wasiomhusu. Niliwasikia wakicheka.

"Mama, unatuziba!" kaka alipiga kelele.

Mama hakukata swala. Alipotoa salamu, alikunja msala, akauchukua msahafu wake, akahamia stoo ya jikoni, kwenye magunia ya mkaa. Huko ndiko alikomalizia eda yake.

Usiku ule, mama anatoka, kaka aliingia chumbani akampita mlangoni, hakumuuliza anakwenda wapi. Aliisogeza lenzi kidogo kwenye reli, akachungulia tunduni.

"Eeh," akasema, "sasa imekaa sawa."