Jiwe Tumboni mwa Mama Mkwe

Mwaka ambao wanunuzi binafsi walianza kupanda Newala na malori yao kutafuta korosho, mama mkwe wangu aliugua ghafla. Tumbo lilivimba, akatapika maji ya kijani, na choo hakikutoka wala upepo. Kwa miaka mingi alikuwa akilalamika maumivu chini ya mbavu za kulia, na sisi tulidhani ni vidonda vya tumbo.

Dereva mmoja wa lori la korosho alikubali kumshusha hadi hospitali ya misheni, upande wa Masasi. Mgonjwa na mke wangu walikaa mbele. Mimi nilipanda juu ya magunia, maana kwetu mtu habanani kiti kimoja na mama mkwe wake.

Daktari alimpapasa, akatazama picha. “Utumbo umeziba, mama. Inabidi tukupasue leo.”

“Pasueni,” alijibu. “Ila mtu akapalilie shamba langu.”

Jioni daktari alitoka na kisahani. Ndani yake kulikuwa na jiwe la kahawia, kubwa kama yai la njiwa.

“Limetoka kwenye mfuko wa nyongo,” alisema. “Lilitoboa likaingia kwenye utumbo mwembamba, likakwama karibu na mwisho wake. Tumeufungua utumbo, tumelitoa, tumeushona.”

Mke wangu alicheka huku analia.

Muuguzi alisema asile kitu mpaka ajambe, ndipo ijulikane utumbo umefunguka. Basi kila asubuhi nilisimama nje ya dirisha la wodi, nikasema, “Shikamoo, mama,” naye akaitikia, “Marahaba, baba.” Kisha nikamnong'oneza mke wangu, “Kuna habari?” Akatikisa kichwa.

Asubuhi moja nilisikia vigelegele kabla sijafika dirishani. Wagonjwa wote wa wodi ile walikuwa wakicheka, na sauti ya mama mkwe ikapanda juu yao: “Mwambieni mkwe wangu asihangaike tena. Nimejamba.”

Nilijifunika uso kwa kofia, nikacheka mpaka nikakaa chini. Walimletea uji, akaunywa wote, akaomba mwingine.

Miezi kadhaa baadaye, nyumbani, wakati wa unyago wa wasichana, alicheza na wanawake wenzake uwanjani hadi vumbi likatimka. Mke wangu alimsihi apumzike, asije akautonesha mshono.

“Mshono umepona,” alisema, akakaza kanga kiunoni na kurudi katikati ya ngoma.