Uraka wa Siku Tatu

Kaka yangu alinyang'anywa leseni kwa sababu yangu. Nimewahi kuiandika habari hii kwa namna nyingine nyingi: moja ikiwalaumu polisi, moja ikimlaumu tajiri wake, moja hata ikililaumu soko huria lenyewe. Zote zilikuwa na lugha nzuri kuliko hii.

Mwaka aliposhitakiwa nilikuwa nyumbani Lupaso kwa sababu chuo kikuu kilikuwa kimefungwa kwa mgomo. Nilikuwa nikisoma fasihi. Sheria nilikuwa nimehudhuria mihadhara mitatu tu, tena kwa sababu ukumbi wao ulikuwa na feni. Kwa familia yetu hiyo ilitosha kabisa. Mama aliwaambia majirani kwamba kesi haina shida, mwanasheria yupo ndani.

Ilikuwa misimu ile ya mwanzo ya wanunuzi binafsi wa korosho. Kaka aliacha kazi ya chama cha ushirika akaajiriwa udereva na tajiri mmoja wa Masasi mwenye lori chakavu na haraka nyingi. Siku hiyo alipakia magunia Makote, huko Newala, akaanza kuuteremka mlima kurudi Masasi. Kwenye kona ya pili lori lilimshinda, likagonga kingo ya kalavati, likalala ubavu. Hakuumia mtu. Korosho zilimwagika bondeni, na baiskeli ya mtu aliyekuwa amekwenda kujisaidia kichakani ikabaki bapa.

Askari aliyefika alimnusa mdomo, akaandika kwamba dereva amelewa. Hakumpeleka hospitali kupimwa na daktari, kwa kuwa gari la kituo halikuwa na mafuta. Basi ushahidi wote ulikuwa pua ya askari mmoja, na hiyo katika msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, wakati Newala nzima inanuka tunda lililochacha, kuanzia shati la mkulima hadi joho la padri.

"Ulikunywa?" nilimwuliza kaka.

"Kikombe kimoja, kwa mama mmoja kule Makote. Ningekataaje? Umefika kupakia, mwenye shamba anakuletea uraka kwa mikono miwili, useme hutaki?" Kisha akasema, "Lakini mdogo wangu, lile lori halikuwa na breki. Nilikanyaga, pedeli ikashuka mpaka chini kama nimekanyaga mto wa kulalia. Nilimwambia tajiri tangu wiki iliyotangulia."

Hapo ndipo mtu mwenye akili za kawaida angesimama. Angekwenda kituoni siku hiyohiyo kuomba lori likaguliwe kabla tajiri hajaligusa. Mimi niliona breki ni hoja ya mafundi, haina ladha. Nilitaka hoja ya kiutamaduni. Nilimwandikia kaka utetezi wa kurasa nne, kwamba uraka uliokamuliwa asubuhi hiyohiyo haujachacha, kwa hiyo si pombe bali ni maji ya tunda, na kwamba kuupokea ni adabu ya kale ya watu wa uwanda huu. Neno "adabu" nililipigia mstari.

Nilipanda baiskeli hadi Makote kumwona yule mama. Alikuwa mjane mrefu, na uraka wake ulijulikana hadi vijiji vya jirani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye msomi wa kina dereva?"

Nilimweleza. Mahakamani aseme jambo moja tu: uraka ule ulikuwa wa asubuhi ileile.

"Wa asubuhi," alirudia, akinitazama kama mtu anayesikia habari za msiba. "Haya. Kama ndiyo mnavyotaka."

Niliondoka nikipiga mluzi.

Siku ya kesi, askari alieleza alivyonusa. Hakimu alimwuliza kama hata yeye hakuwa akinuka mabibo siku hiyo, na watu wakacheka. Shahidi mwingine upande wao hawakuwa naye. Hakimu akasema kwa kusitasita kwamba kuna kesi ya kujibu, kisha akamweleza kaka taratibu kabisa, kama mtu anayemwonyesha mlango: anaweza kujitetea, anaweza kuita shahidi, na pia anaweza kunyamaza, hakuna atakayemlazimisha.

Kaka alinigeukia. Nami nikamwashiria kwa kichwa asome.

Akasoma kurasa zote nne. Katika mstari wa tatu alikuwa amekwisha kukiri, mbele ya hakimu na kwa mwandiko wangu, kwamba alikunywa. Mwendesha mashtaka, inspekta mnene aliyekuwa akisinzia, alifumbua macho.

Kisha akaitwa shahidi wetu, yule mama. Alikuwa amevaa kanga mpya.

"Mama, huo uraka uliompa mshitakiwa ulikuwa wa lini?" inspekta alimwuliza.

Akavuta kanga yake vizuri mabegani. Nyuma yetu walikuwa wamejaa watu wa Makote, na mmoja akasema kwa sauti, "Sema mama! Ulimpa dereva wa watu maji ya watoto?"

Kicheko. Nikaona shingo yake inanyooka.

"Mheshimiwa hakimu," alisema, "mimi tangu niolewe sijampa mgeni uraka wa asubuhi. Huo wanakunywa watoto. Wangu ulikuwa wa siku tatu, na umwulize mtu yeyote humu ndani kama wa siku tatu kwangu ni mchezo. Alikunywa kikombe kimoja akashukuru. Angeongeza, ila alisema ana safari."

Watu wa Makote walipiga makofi. Hakimu aliandika kwa muda mrefu.

Kaka alipojaribu kutaja breki, inspekta alisimama kusema lori lilikaguliwa juzi, breki zake ni nzima. Zilikuwa nzima kweli. Tajiri alikuwa amekwisha kubadilisha bomba la breki. Leseni ikafungiwa miaka mitatu, na kazi ikaenda siku hiyohiyo.

Nje, inspekta alinikuta nikitazama viatu vyangu. "Ni wewe uliyeandika zile karatasi?" alisema. "Sisi tulikuwa na harufu tu, kijana. Ndugu yako angenyamaza, tungekula chakula cha mchana nyumbani."

Kaka hakurudi tena kwenye usukani. Miaka mitatu ilipokwisha hakuna aliyemtaka dereva aliyewahi kupindua lori akiwa mlevi, maana hivyo ndivyo karatasi inavyosema. Analima korosho Lupaso, na kwa miaka kadhaa alimwuzia tajiri yuleyule, aliyekuja na lori jipya. Hajawahi kunilaumu. Huwaambia wageni, "Huyu ndiye wakili wangu," na wanamwamini, wanataka kuniuliza habari za mashamba yao.

Msimu uliopita nilimtembelea kwa gari langu dogo la mtumba. Wazee watatu walikuwa uani, na kaka aliwamiminia uraka uliochacha vizuri, mmoja mmoja, kwa mikono miwili. Alipofika kwangu aliingia ndani, akatoka na kikombe kingine.

"Wako huu, wa asubuhi," alisema.

Wazee wakacheka. Nikasema jamani, mimi ni mtu mzima.

"Una gari," kaka alisema bila kucheka. "Na mimi kuandika utetezi sijui."

Nikanywa. Ulikuwa mtamu, na uliniwasha koo mpaka nilipofika Masasi.