Asante za Kaunta

Jumatano tulipanga foleni kituo cha polisi, tugongewe mihuri nakala za vyeti. Mbele yangu mama Mkongo wa mtaa wa Albert Park alikumbatia bahasha. Bila muhuri siku hiyo, mwanawe angekosa shule. Askari wa kaunta alishainuka kwenda kula. Alimtazama, akaketi tena, akagonga.

Mama alimshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru kwa lugha ya wenyeji: "Ngiyabonga, ngiyabonga!" Kisha akanigeukia. "Kaka, polisi minawaogopaka tangu kwetu. Lakini huyu iko mutu."

Mzee Mwingereza nyuma yangu alimwambia askari, "Kijana, mimi nimestaafu nikiwa mkubwa wa polisi kwetu. Kila nilipopanda cheo, saluti ziliongezeka. Asante niliziacha kaunta."

Zamu yangu ilipofika, nilishukuru mara mbili. Ya pili nilimwambia ampelekee mkubwa wake, asiyekaa kaunta.